Kesi ya Kidole cha Mguu

Karani alistaafu mahakamani, lakini mahakama yenyewe haikumtoka. Nyumbani kwake hakukuwa na ugomvi, kulikuwa na mashauri. Maziwa yakichacha, waliitwa mashahidi. Mlango ukibamizwa, uliombwa ufafanuzi. Mkewe, aliyekuwa akishona nguo za watoto barazani na hakuwa na muda wa kuchezea, alishazoea kusema "sina hatia" kabla hajaulizwa, ili watu wale chakula kikiwa moto. Kwa mwanamume wa aina hiyo, yaliyosemwa katika chumba cha daktari yalikuwa sawa na kupewa zawadi, na Mungu amsamehe kwa kuipokea kwa mikono miwili.

Binti yao wa kwanza, waliyemwita Kifungua kwa kuwa ndiye aliyefungua tumbo la mama yake, alikuwa na doa jeusi chini ya kidole kikubwa cha mguu wa kulia. Kifungua alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli. Mguu huohuo ndio uliokanyaga pedeli ya mashine ya pasi kutwa nzima, kwa hiyo doa lile alilidhani sugu, kisha akalidhani damu iliyovilia, kisha akaacha kulidhani chochote kwa sababu mashuka hayangoji. Lilipoanza kutoa majimaji na kuchafua soksi, alikwenda hospitali. Walimkata kinyama kidogo wakakipima, na siku ya majibu wazazi wake wote wawili wakafuatana naye.

"Ni kansa ya ngozi," daktari alisema. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kulitamka neno hilo mara nyingi na bado hajalizoea.

"Kansa ya ngozi si ya watu wanaochomwa na jua?" mama akauliza. "Huyu anashinda ndani, daktari. Na hapo ni chini ya mguu, jua linafikaje?"

"Hii haihitaji jua, mama. Inapenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Watu weusi kama sisi ikitupata, mara nyingi inatupata huko, na tunachelewa kwa sababu hakuna anayejitazama nyayo." Akamgeukia Kifungua. "Kwako bado haijazama sana. Tukikitoa kidole wiki ijayo, nina matumaini makubwa. Ukichelewa, inashuka chini ya ngozi, inapanda mpaka kwenye tezi za kinena, na ikishafika huko inakwenda inakotaka. Uje na ndugu wa kuweka sahihi na kukaa na wewe wodini."

"Nitaweza kusimama kazini?" Kifungua aliuliza.

"Utachechemea mwanzoni. Lakini utasimama."

Kifungua akaitikia kwa kichwa. Laiti mazungumzo yangeishia hapo, watu wale wangerudi nyumbani wakalia kama watu wengine. Lakini Karani alikohoa, akanyoosha kola, akataka kujua chanzo.

Daktari akaeleza kwa subira. Mwili hujijenga kila siku, alisema, seli moja inagawanyika inakuwa mbili. Ndani yake zimo jeni ambazo kazi yake ni kusema basi, imetosha. Seli ikiharibika, jeni hizo huizuia isizaliane, au huiamuru ife. "Na kila jeni ya namna hiyo tunayo katika nakala mbili. Moja umeipata kwa baba, moja kwa mama. Ikiharibika moja, ya pili inashikilia. Zikiharibika zote mbili kwenye seli moja, seli ile haina wa kuiambia acha. Ndiyo inazaliana ovyo, doa linakuwa kansa. Wakati mwingine mtu anazaliwa na nakala moja mbovu tayari, kairithi. Kwenye ukoo wenu kuna aliyewahi kuugua hivi? Au kansa ya kongosho?"

"Mama yake mkubwa alikuwa na ukucha mweusi, ukaoza ukamla," Karani akawahi, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Baba yake mzazi alikufa kwa kongosho, macho manjano kama ndimu," mkewe akajibu kabla ya nukta.

Daktari aliwatazama kwa zamu. Alisema atachukua damu ya binti ili ipimwe kama kuna nakala ya kurithi, na kwamba majibu yangechukua wiki kadhaa. "Ila operesheni haingoji majibu hayo. Ni mambo mawili tofauti." Alilirudia neno hilo polepole. Kwenye chumba kile aliyelisikia ni mtu mmoja tu, naye alikuwa akivaa soksi.

Kwenye korido Karani alitembea mbele, mikono nyuma. "Nakala," alisema. "Nimeshughulika na nakala maisha yangu yote. Haijatoka nakala yenye kosa mikononi mwangu."

"Kwa hiyo yenye kosa ni yangu, Baba Kifungua?"

"Sijasema. Hilo litaamuliwa."

*

Kikao kilikaa Jumapili sebuleni. Upande wa baba uliwakilishwa na Shangazi, dada mkubwa wa Karani, mwenye nyumba za kupangisha na sauti ya kudai kodi hata anaposalimia. Upande wa mama uliwakilishwa na Mjomba, muuza vipuri vya magari, mtu wa maneno mengi na uhakika mwingi zaidi. Karani, aliyekuwa mshtakiwa mtarajiwa, alijiteua mwenyewe kuwa mwenyekiti, na hakuna aliyeona ubaya. Kifungua alikaa pembeni, mguu juu ya stuli, kwa kuwa ulimuuma akiushusha.

"Pole mwanangu," Shangazi alimwambia alipoingia, akamalizana naye. Kisha akamgeukia mama mtu. "Wifi, mimi nilisema tangu siku ya harusi. Nilisema hii damu ichunguzwe. Nikaambiwa nina wivu."

"Ulisema mimi mfupi, wifi. Damu hukuitaja."

"Jeni za ukoo wetu ni safi," Mjomba akaingilia. "Babu yangu alikufa mzee, meno yote kinywani. Shemeji, baba yako aliondoka na umri gani vile?"

"Mzungumzaji aelekeze maneno yake kwa kiti," Karani alisema.

"Kiti ndicho ninachokiuliza!"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Kilichonishangaza mimi, na hadi leo kinanikera, ni jinsi walivyokuwa wepesi kujifunza. Watu ambao hawakuwa wamewahi kulisikia neno jeni sasa walilirusha huku na huku kama jirani anayemrushia mwenzake takataka zake juu ya ukuta. Mjomba ndiye aliyetoa hoja ya nyayo. Kama ugonjwa unakaa nyayoni, alisema, basi ushahidi uko nyayoni. Kila mtu avue viatu.

Wakavua. Sebule nzima ya watu wazima ikakaa sakafuni miguu hewani, huku Karani akipita na tochi ya simu akikagua. Mjomba alikuwa na soksi iliyotoboka, akajaribu kuificha kwa kukunja kidole. Mke wa Karani alikuwa na kovu la sindano ya cherehani aliyowahi kuikanyaga. Tochi ilipofika kwa Shangazi, wote wakainama kutazama: wayo mzima wa mguu wa kushoto ulikuwa mweusi ti.

"Goooli!" Mjomba akaruka. Dada yake, mke wa Karani, alipiga vigelegele, tena vya mfululizo, mkono mdomoni, mbele ya mtoto wake mgonjwa.

Shangazi aligeuka majivu. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile alionekana mtu anayeogopa kufa. Kifungua ndiye aliyenyanyuka, akachechemea hadi jikoni, akarudi na kitambaa kibichi, akapiga magoti na kumsugua. Weusi ukatoka wote.

"Viatu vyako vipya vinatoa rangi, Shangazi," alisema.

Shangazi alivuta mguu wake bila kushukuru. Sasa alikuwa na hasira ya mtu aliyeonekana akiogopa, na hasira hiyo ilihitaji pa kwenda. "Basi hakikatwi kitu hapa!" alisema. "Mpaka damu iseme. Mkishakata mtazika kidole chenu kimya kimya, halafu kesho mseme ni sisi."

"Hata mimi nataka isubiriwe," mke wa Karani akajibu. "Nimesemwa ndani ya ukoo huu tangu nilipoingia. Nataka siku moja niisikie hospitali ikisema mbele yenu wote kwamba siyo mimi."

Wifi hawa wawili hawakuwa wamewahi kukubaliana jambo, hata bei ya nyanya. Siku walipokubaliana, ikawa hilo.

Karani alisimama kutoa uamuzi. Kwa kuwa shauri lilihusu kidole, alisema, kidole chenyewe ni kielelezo, na tangu aajiriwe hakuwahi kuona mahakama ikiharibu kielelezo kabla ya hukumu. Wazazi hawataweka sahihi hadi majibu ya damu yatoke.

"Baba," Kifungua alisema. "Hicho kielelezo kinatembea. Daktari amesema kinapanda."

"Tumekusikia, mwanangu. Ndiyo maana tunalishughulikia kwa haraka."

*

Wiki ya operesheni ikapita. Kifungua alimbembeleza mama yake jikoni, mama akalia, akamkumbatia, akasema, "Vumilia kidogo, mama, nisaidie na mimi nishinde jambo moja." Alimbembeleza baba yake barazani, baba akamwambia habembelezwi akiwa kazini. Aliporudi hospitali kubadilisha bendeji, daktari alilitazama doa, akachukua rula akalipima upya.

"Limepanuka," alisema. "Ndugu zako wako wapi?"

"Wako kikaoni."

"Kikao cha nini?"

Kifungua alijaribu kueleza, akaona aibu. Aliona aibu kwa niaba ya watu wenye akili zao, wanaosoma magazeti, wanaompenda. Maana walimpenda, hilo halina ubishi. Wangempigania na mtu yeyote, isipokuwa hawakuwahi kupigana kwa ajili yake bila kwanza kupigana wao kwa wao. Daktari akamtafutia nafasi ya keshokutwa. Akamkumbusha sahihi ya ndugu.

Kiwandani, mashuka hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika ncha za huku, mwingine za kule, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Mwenzake Kifungua katika kazi hiyo alikuwa mwanamke mnene mcheshi, waliyemwita Bi Povu kwa sababu alianzia kwenye matangi ya sabuni. Siku hiyo Kifungua alifika katikati na ncha zake, badala ya kuziachia akabaki amezishika, akalia juu ya shuka safi.

"Utanirudisha kwenye kufua," Bi Povu alisema. "Una nini?"

Akamwambia. Bi Povu alisikiliza hadi mwisho, akapangusa mikono iliyokuwa mikavu. "Yaani wanangoja kujua nani kauleta moto ndipo wauzime?"

"Ndiyo hivyo, dada."

"Hebu maliza hili shuka twende kwa msimamizi."

Msimamizi hakupenda. Alisema hoteli zina wageni, alisema kidole si mguu, alisema mtu mzima anaombaje ruhusa siku moja kabla. Kifungua alisimama mbele ya meza yake mguu mmoja ukiwa ndani ya kandambili na bendeji iliyoloa, akaomba tena, akaomba mara nyingine, mpaka Bi Povu akasema angekwenda yeye mwenyewe kuwaeleza wenye hoteli mashuka yao yanapigwa pasi na nani na katika hali gani. Ruhusa ikapatikana.

Nyumbani Kifungua aliaga kwamba kuna zamu ndefu na watalala kazini. Hakuna aliyeuliza. Mjomba alikuwa amepata picha ya zamani ya babu mzaa baba, akiwa amevaa ndara, na walikuwa wakiikuza kwenye simu.

"Wewe ni nani yake?" muuguzi alimuuliza Bi Povu kwenye dirisha la wodi.

"Tunakunja mashuka pamoja."

"Hiyo si ndugu, mama. Tunataka ndugu."

Bi Povu alitazama nyuma, korido yote, kana kwamba anatafuta kama kuna mwingine anayekuja. "Basi andika dada," alisema. "Mkubwa."

*

Kikao cha pili kilipokaa, Kifungua alikuwa amesharudi, amelala siku mbili chumbani. Mama yake alimpelekea uji, akaiona bendeji, akadhani ni ileile. Hii ilikuwa imefungwa kutoka kifundoni hadi mbele. Sitaki kumwita mama mbaya. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa wifi yake, hayakuwa na nafasi.

"Mgonjwa alete mguu," Karani aliagiza, "kikao kilinganishe doa na picha ya marehemu."

Kifungua alitoka kwa gongo moja la hospitali. Alikaa, akaweka mguu juu ya stuli, akafungua bendeji yeye mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko. Pale palipokuwa na kidole palikuwa na mshono.

Hapo ndipo ungetegemea mtu aseme pole.

"Kwa idhini ya nani?" baba yake aliuliza.

"Yangu."

"Umeharibu kielelezo!"

"Nani kaweka sahihi?" mama alifoka. "Nani kakaa na wewe? Mtu gani huyo asiye na ukoo?"

"Ameona ukweli unakuja, kaficha aibu ya mama yake," Shangazi akasema.

"Ya baba yake!" akadakia Mjomba.

Kifungua aliwatazama wote wanne. "Kidole kiko maabara," alisema. "Wamechukua na tezi ya kinena. Majibu yote, pamoja na yale ya damu, yanatoka Ijumaa. Mnaotaka kuja, njooni." Akaanza kuifunga bendeji. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa mabishano yalikuwa yameanza upya, safari hii kuhusu nani atakaa karibu na daktari.

*

Ijumaa wakaja wote. Shangazi alivaa vitenge vya harusi. Mjomba alikuja na gari lililooshwa. Mke wa Karani alijifunga kilemba kipya alichokishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, na Karani alivaa suti yake ya mahakamani, iliyobana tumboni. Daktari aliongeza viti, havikutosha, na aliyebaki amesimama ni mwenye gongo, mpaka daktari mwenyewe akainuka akampa kiti chake.

"Nianze na jambo kubwa," alisema, akiegemea kabati, na akatabasamu. "Kingo za tulipokata ni safi. Na tezi ni safi. Haikuwa imefika."

Kifungua alifunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kumcheza.

"Tunashukuru," Karani alisema, kama mtu anayeambiwa subiri kidogo. "Na lile jingine?"

Daktari alifungua faili. Tabasamu likamtoka. "Lile jingine nalo limetoka. Binti yenu amezaliwa na nakala moja mbovu. Amerithi. Ile ya pili iliharibika yenyewe hapo mguuni, na hilo halina mwenyewe."

Shangazi alisogeza kiti. Mke wa Karani alishika kilemba kwa mikono miwili.

"Kutoka kwa nani?" wakauliza, karibu kwa sauti moja.

"Damu yake haisemi."

"Haisemi vipi?"

"Inasema nakala ni mbovu. Haisemi imetoka upande gani. Ili tujue, inabidi tupime damu ya baba na damu ya mama." Daktari alifungua mlango, akaonyesha ng'ambo ya korido. "Maabara ile pale, iko wazi sasa hivi. Na ninawaomba mpime, siyo kwa ajili ya kesi. Atakayekutwa nayo anaweza kuwa na kitu mwilini leo, kwenye ngozi au kongosho, na hajui. Tukijua tutamchunguza. Na ndugu zake wa damu nao itabidi wapimwe."

Watu wale wapenda ushahidi wakaanza kukusanya mikoba na funguo zao.

Mjomba ndiye aliyeokoka wa kwanza. Simu yake ilimwita, ingawa haikulia, akatoka akiisikiliza. Shangazi alisema presha yake haipatani na sindano, kwamba ameacha mpangaji mlangoni, na kwamba yeye hata hivyo alikuja kumpa mtoto pole tu. Kufikia hapo alikuwa ameshaufikia mlango. Viatu vyake vilisikika korido nzima.

Wakabaki mume na mke. Karani alitoa leso akajifuta shingo.

"Naona," alisema, "shauri hili liahirishwe. Bila tarehe."

"Na mimi sioni haja ya kuchimbana, Baba Kifungua," mkewe akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo mume wake hakuwa ameisikia tangu walipokuwa wachumba. "Mtoto kapona. Si ndiyo muhimu?"

Kifungua alijipangusa uso. Akashika gongo, akasimama. Alikuwa amechoka, na alikuwa na hasira, na aliwahurumia. Vyote vitatu kwa pamoja, maana ndivyo mtu anavyokuwa na wazazi wake. Akampa baba kiwiko cha kushoto, akamwambia mama amshike begani. "Twendeni," alisema. Hawakuthubutu kumkatalia mtu mwenye gongo. Akawavusha korido, akichechemea katikati, wazee wawili wamemng'ang'ania kila mmoja upande wake, mikono yao ikiwa na baridi.

Fundi wa maabara aliinua kichwa kutoka kwenye vichupa vyake. Aliwatazama watatu wale mlangoni, akavuta mpira wa kufungia mkono.

"Karibuni. Mgonjwa ni nani?"

Karani akamwonyesha mkewe, mkewe akamwonyesha Karani.